Hodi Kwenye Mlango wa Chokaa

Jina la Mama Vifungo alipewa na watoto wa ngazini, na mwanzoni hakulipenda hata kidogo. Kila aliyepita mlangoni kwake, ghorofa ya tatu, alimkuta dirishani na rundo la mashati ya shule mapajani, akishona vifungo. Mafundi cherehani wa mtaa walikuwa wepesi wa kuunganisha mikono na kola, lakini mambo madogo yaliwachosha, basi wakamletea yeye. Ndivyo alivyoanza akiwa msichana, na ndivyo alivyozeeka na kazi hiyo, sindano mkononi na kidole gumba kimeota sugu. Hakuwa mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Shati likiletwa na mshono mbovu alilirudisha, na maneno juu, na fundi alipokea vyote viwili kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumpelekea.

Mume wake aliitwa Dereva, ingawa ilikuwa muda mrefu tangu aendeshe chochote. Zamani alikuwa na lori la taka, na mtaa mzima uliijua honi yake. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto, mguu na mkono, na siku aliyotoka hospitali alipandishwa mgongoni mwa mpwa wake mpaka ghorofa ya tatu. Tangu siku hiyo hakushuka. Hospitali walimpa kiti cha magurudumu, kiti kizuri kabisa, lakini katika nyumba ile hakikuweza hata kugeuka, kikawa cha kutundikia nguo. Dereva akabaki na dirisha lake upande wa barabara. Kutwa aliwafokea waegesha magari waliokuwa chini, nao kwa kuwa hawakumsikia waliendelea kuegesha vibaya.

Jengo lao lilikuwa moja kati ya majengo ya umma yaliyosimama upande wa juu wa mtaro mpana. Upande wa chini wa mtaro yalikuwapo majengo mengine, yaliyojengwa baadaye kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka bondeni baada ya mafuriko. Ugomvi ulianzia hapo. Watu wa Juu walisema nyumba zile walikuwa wameahidiwa watoto wao. Watu wa Chini walisema wao hawakuomba kuhamishwa na mtu. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na dari zinazovuja na mabomba yanayokohoa, lakini ni rahisi zaidi kumchukia jirani kuliko bomba. Siku moja mtu akaweka mabati kando ya mtaro, mwingine akaongeza, na kabla ya mwaka kwisha mtaa ulikuwa umekatwa vipande viwili kwa ukuta wa mabati wenye matundu ya kuchungulia.

Sasa, Mama Vifungo alikuwa na mdogo wake, mmoja tu, waliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Huyo mdogo alipata mume wa Chini. Alipoolewa akavuka mtaro na sanduku lake, na akina mama wa Juu wakasema wamempoteza, kana kwamba amekwenda nchi nyingine, na kumbe ukisimama dirishani kwa dada yake ungeweza kuziona nguo zake zikikauka. Mama Vifungo hakujali maneno yao. Alivuka apendavyo, akala kwa mdogo wake, akawapakata watoto, akarudi.

Mpaka ukaja mwaka wa mawe. Haikumbukwi vizuri nani alianza, na kila upande una jibu lake. Mama Vifungo alikuwa Chini mchana ule, amepeleka mashati kwa fundi, mara vijana wakaanza kurushiana mawe juu ya mabati na mitaa ikafungwa. Akakimbilia kwa mdogo wake. Akapiga hodi. Akagonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, akaita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Kwenye upenyo chini ya mlango aliona kivuli cha miguu ya mtu aliyesimama. Mlango haukufunguliwa. Jiwe lilimpata begani akiwa bado anagonga, na ikabidi ateremke ndani ya mtaro, maji machafu mpaka magotini, afuate mkondo mpaka atokee kwao. Kesho yake mdogo wake akatuma mtu aseme pole, na kwamba siku ile hakuwapo nyumbani.

Mama Vifungo hakujibu. Tangu hapo hakumsalimu mdogo wake wala mtu yeyote wa Chini, na hata mama yao alipofariki, dada na mdogo walikaa matangani kila mmoja pembe yake na kusaidiwa kulia na watu wengine. Mashati ya Chini alikataa kuyashona. Bega lilipona, ila aliendelea kulisugua kila alipowasikia watu wakicheka upande wa pili wa mabati.

Miaka ikapita na majengo yakazidi kuchoka. Wakubwa wa jiji wakaja na wazo lao: kubomoa yote na kuwatawanya watu mbali, kila mtu atakakopangiwa. Kwa mara ya kwanza Juu na Chini wakasema neno moja, nalo lilikuwa hapana. Walisema kwa kelele na kwa muda mrefu hadi wakubwa wakachoka, wakakubali wapangaji wenyewe wapange upya mtaa wao, nyumba zibaki za umma, na wapewe mchora ramani wa kuwasaidia. Ikaundwa kamati. Mwenyekiti akawa Mkunga, mwanamke mfupi, mstaafu, aliyezalisha karibu mtaa mzima na ambaye watu wazima wenye vitambi waliogopa kumjibu.

Kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa aibu tupu. Kwa kuwa pande mbili hazikutaka kukaa meza moja, kila upande uliomba uchore peke yake. Michoro miwili ilipolazwa pamoja, ikaonekana watu wa Juu wameweka vyoo vyao vyote upande wa mtaro, ili harufu iwaendee Chini. Na watu wa Chini, bila kuambizana na mtu, wameweka vyoo vyao vyote upande wa mtaro, ili harufu iwaendee Juu. Katikati ya mtaa mpya kukawa na safu mbili za vyoo vinavyotazamana, mwanzo hadi mwisho. Mchora ramani, msichana mwenye miwani na adabu zake, alijikaza kisabuni, akashindwa, akacheka mpaka machozi.

Mkunga hakucheka. "Nimewapokea nyote kwa mikono hii," alisema, "na nyote mlikuwa mnanuka sawasawa. Haya, chaneni hiyo michoro. Kila mlango wa jengo utakuwa na nyumba mbili zinazotazamana, moja ya Juu, moja ya Chini. Ukumbi mmoja, ngazi moja. Asiyetaka aseme sasa."

Walitaka kusema wengi. Hakusema mtu.

Likabaki swali la nani atazamane na nani. Wapo waliotaka kura. Mkunga akakataa, akisema ukipewa jirani kwa kura utailaumu bahati maisha yako yote. Akatoa utaratibu wake mwenyewe. Nyumba zote zichorwe chini kwa chokaa, ukubwa wake wa kweli, kwenye uwanja wa saruji wa karakana ya zamani ya magari. Familia za Juu zikae ndani ya nyumba zao za chokaa. Familia za Chini zipite, kila moja ipige hodi kwenye mlango inaoutaka. Ukikaribishwa mbele ya watu, yamekwisha, nyumba ya mkabala ni yako. Na ambaye jua litazama hajapata mwenzake, ataingia awamu ya pili. Awamu ya pili, kila mtu alielewa, ilikuwa ni kungoja meli uwanja wa ndege.

Siku yenyewe ilipofika, watu wenye akili zao timamu walifanya mambo ya ajabu. Walivua viatu mbele ya mistari ya chokaa. Mama mmoja aliwafukuza watoto kwa ufagio, "Tokeni huko, mnapita ukutani!" Fundi bomba, mwanamume wa maana, alizunguka nyumba tatu kutafuta mlango wa jiko lake mwenyewe, kwa sababu aliona haya kukatiza chumbani kwa mtu. Mke na mume wakagombana mahali pa kuweka kitanda ambacho hakikuwapo, mke akahamia chumba cha pili na kumpa mumewe mgongo, na mume akabaki anambembeleza kupitia ukuta.

Nyumba za ghorofa ya chini, zisizo na ngazi, zilikuwa chache, na zilitengewa familia zenye wagonjwa na wasiojiweza. Moja ilikuwa ya Mama Vifungo. Asubuhi vijana wanne walimshusha Dereva kutoka ghorofa ya tatu, na kiti chake nyuma yake. Mama Vifungo alikuja na rundo la mashati, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa bure hata ndani ya nyumba ya hewa. Akakaa mahali palipochorwa sebule, akatunga uzi.

Kisha akamwona mumewe. Dereva alishika gurudumu kwa mkono wake mzima, akajisukuma mbele kwa mguu wake mzima, akaupita mlango wa chumba cha kulala, akaupita ule wa sebule, akatoka nje. Peke yake. Akageuka, akarudi ndani. Akatoka tena. Alifanya hivyo mara nyingi, hasemi neno, mtu aliyezoea kufoka kutwa, mpaka magurudumu yakaufuta mstari wa kizingiti na ikabidi mchora ramani aje kuuchora upya.

"Pazuri?" mkewe alimuuliza.

"Panapitika," alisema Dereva.

Hapo Mama Vifungo akajua kwamba nyumba hii anaitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Jioni isipopatikana familia ya kukaa mkabala nao, vijana wale wanne watambeba mumewe na kumrudisha juu, na atakufa akiwa juu.

Familia za Chini zikaanza kupita. Hodi, karibu, makofi. Hodi, karibu, makofi. Ghorofa za juu zilikwisha mapema. Wenye wagonjwa wa Chini nao wakapita wakichagua, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekaribia mlango wa Mama Vifungo alipunguza mwendo, akamtazama, akakumbuka miaka yote aliyopishana naye sokoni na kunyimwa salamu, akapita kwa jirani. Hawakumchukia. Walimwogopa, na ni nani anayetaka kuamka kila siku na kutazamana na mlango anaouogopa? Mama Vifungo alishona. Angeweza kumwita mtu, utaratibu haukumzuia, lakini mdomo wake haukuzoea kazi hiyo.

Jua lilipoanza kulala, ikabaki familia moja tu ya Chini yenye haki ya nyumba isiyo na ngazi. Ilikuwa ya mdogo wake, kwa ajili ya mama mkwe wake asiyeona.

Mama Vifungo alikuwa akimfuatilia kwa pembe ya jicho tangu asubuhi. Alimwona akipiga hodi kwa mama muuza mkaa, ambaye wakati ule alikuwa bado hajapata mtu. Muuza mkaa alikaa hatua chache tu kutoka kwake, hakuna ukuta wala pazia kati yao, na akajifanya hasikii. Akaendelea kupanga mito. Kwa watu wa Juu, mdogo wa Mama Vifungo alikuwa bado yule msichana aliyehama na sanduku, na hawakuwa wamesahau. Alimwona akienda mlango mwingine, na huko nako mwenye nyumba akageuka akatazama ukuta wa chokaa kwa makini kabisa. Mdogo wake alisimama pale mikono imeshikana tumboni. Mama Vifungo alijichoma sindano, jambo ambalo halikumtokea tangu ujana.

Mwishoni mdogo wake akaja. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeingia mvi mbele, mahali pale pale zilipoanzia mvi za mama yao. Akasimama nje ya mlango.

"Hodi."

Mama Vifungo hakuinua uso.

"Hodi, dada."

Uwanja ukaanza kunyamaza, nyumba kwa nyumba. Kila mtu alijua habari ile, wengine wakiwa wameitia chumvi na wengine ilivyo. Dereva alikuwa nje, kando ya kizingiti. Akatulia kwenye kiti chake, hajui amtazame nani.

"Siku ile ulikuwa ndani?" Mama Vifungo aliuliza.

"Dada, mama mkwe alikuwa anaumwa, na mimi nili..."

"Sijakuuliza habari za mama mkwe. Nimekuuliza, ulikuwa ndani?"

Mdogo wake alisogea hatua moja karibu na mstari.

"Nilikuwa ndani. Nilisimama nyuma ya mlango, nimeshika komeo. Sikuliachia mpaka nilipokusikia umeondoka."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Wangejua nimemficha mtu wa Juu wangetuvunjia. Watoto walikuwa wamenishika nguo. Niliogopa tu, dada, sina neno jingine."

"Na ukatuma mtu aseme hukuwapo."

"Nikatuma."

Mara nyingi Mama Vifungo alikuwa ameifikiria siku ambayo mdogo wake angekiri, na katika mawazo yake alifurahi sana. Sasa hakufurahi. Hasira ilikuwapo, ile ile, haikupungua hata chembe. Lakini chini ya hasira alihisi nafuu, kwa sababu miaka yote ile, usingizi ulipokataa, kulikuwa na sauti iliyomwambia kwamba labda alibisha mlango wa watu wengine, labda kivuli hakikuwa cha miguu, labda amemsusa mdogo wake bure. Kumbe hakuwa amekosea mlango.

"Basi subiri hapo," alisema.

Akachukua shati lililokuwa mapajani, ambalo alikuwa amelifikisha katikati, akaendelea. Akapachika kifungo, akazungusha uzi, akafunga fundo. Akapachika kingine. Mdogo wake alisimama. Hakukuwa na kitu kati yao ila mstari mweupe ambao mtoto angeuvuka, na nyuma yake uwanja mzima ulikuwa wazi kama angetaka kuondoka. Hakuvuka na hakuondoka. Jua lilimpiga usoni moja kwa moja.

"Mke wangu," Dereva alisema polepole, "mtu anaungua jua."

"Mimi nilisimama kwenye mawe."

Mkunga alikuwa amesimama pembeni, mkono kiunoni. Alilitazama jua, akamtazama Mama Vifungo, akalitazama jua tena. Mahali fulani mtoto aliuliza kwa nini yule mama hakaribishwi, akazibwa mdomo.

Mama Vifungo alipachika kifungo cha mwisho. Alikivuta kuona kama kimeshika, akakata uzi kwa meno, akalikunja shati vizuri, mikono nyuma, kola juu, akaliweka juu ya mengine. Hapo ndipo alipoinua uso.

"Karibu," alisema.

Mdogo wake akavua viatu, akaviweka kando ya mstari, akapita mlangoni, si ukutani. Alipofika katikati ya sebule akakaa chini kwenye saruji, akaangusha kichwa mapajani kwa dada yake, akalia kama aliyefiwa upya.

"Usinilowanishie mashati ya watu," alisema Mama Vifungo. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kufika kichwani kwa mdogo wake, kwenye zile mvi, na haukutoka upesi.

"Na mfunge mlango," Dereva akadakia kutoka nje, "upepo unaingia." Mdogo wa Mama Vifungo, pamoja na machozi yake, akainuka akarudi, akaushika mlango ambao haukuwapo, akaufunga. Uwanja mzima ukavunjika mbavu.

Nyumba zilijengwa kwa kusuasua, kama vitu vyote vya umma, lakini zilijengwa. Mabati ya mtaroni yaling'olewa na watu wakafanyia mabanda ya kuku. Sitasema kwamba Juu na Chini wameungana, kwa sababu mpaka leo wanagombana kuhusu zamu za kufagia ngazi, na majina yale mawili hayajafa. Kila asubuhi Dereva husukuma kiti chake mpaka ukingoni mwa barabara na kuwafokea waegesha magari ana kwa ana, nao sasa wanamsikia, na baadhi yao huegesha vizuri.

Mama Vifungo anashona mlango ukiwa wazi, kwa ajili ya mwanga. Mdogo wake hutokea mkabala mara nyingi kwa siku, kuomba chumvi, kurudisha chungu, kusema mama mkwe amelala. Mlango ukiwa wazi hivyo, na dada yake akiwa anamwona kabisa, bado husimama nje ya kizingiti, hupiga hodi, na husubiri. Hajawahi kuingia bila kuitikiwa. Na Mama Vifungo, ambaye humlalamikia kwa kila mtu kwamba mwanamke yule ni kama hana kwake, humwitikia "karibu" kabla hodi haijamalizika.